Jiwe Huinuliwa Mara Nane

Mawe mengi yanayojenga mji wa Embu hutoka Ndarugo, upande wa Juja. Hupanda lori, yakapita Thika na Makutano, na kabla jiwe moja halijatulia ukutani huwa limeinuliwa na binadamu mara nane. Nimehesabu nikiwa nimesimama langoni pa mjengo na kalamu mkononi. Mara ya kwanza ni machimboni, linapopakiwa. Ya pili, linashushwa kando ya barabara kwa sababu lori limeshindwa kuingia kwenye ploti. Ya tatu linatiwa kwenye wilbaro, ya nne linapangwa kwenye rundo ndani ya ua. Siku fundi anapolihitaji linatolewa rundoni na kuwekwa kwenye hoisti, hiyo ni ya tano. Juu ya slabu linapokelewa, ya sita. Linapelekwa hadi miguuni pa fundi, ya saba. Ya nane ni ya fundi mwenyewe, anapolikalisha juu ya mota na kuligonga kwa nyundo.

Futi moja ya jiwe la inchi tisa kwa tisa ni kilo 27 hivi likiwa kavu. Likinyeshewa usiku kucha hunywa maji kama sifongo na asubuhi ni zito zaidi. Jengo la ghorofa nne linameza maelfu ya futi. Zidisha kwa nane, utajua kwa nini mtu wa mkono mwenye miaka 35 huinuka kitini akiwa ameshika kiuno.

Kwa hiyo mwanakandarasi akiniuliza kama akodishe foklifti au telehandla, mimi humrudisha kwenye hesabu hiyo. Mara ya kwanza iko mbali nasi, na ya nane ni kazi ya fundi ambayo hakuna mtambo utakaomfanyia. Katikati zipo sita. Mtambo unaofaa ni ule utakaofuta nyingi kati ya hizo sita, kwenye udongo huu, kwenye ploti hizi, bila kumuua mtu. Mengine yote, rangi na jina la kampuni, yaje baadaye.

Neno foklifti huwapotosha wengi kwa sababu wameiona ghalani: tairi ndogo ngumu, sakafu laini, mwendo wa kuteleza. Hiyo ukiileta kwenye udongo mwekundu wa Embu mwezi wa Aprili itazama hadi tumboni kabla haijageuka. Foklifti ninayoizungumzia ni ya ardhi korofi, na umbo lake lina historia yake. Mwaka 1958, katika mji wa Ancenis nchini Ufaransa, Marcel Braud alichukua trekta ya shamba, akageuza kiti cha dereva kielekee nyuma, kisha akasimamisha mlingoti wa kuinulia upande wa yale magurudumu makubwa. Ndivyo Manitou ilivyozaliwa. Werevu wake upo hapo: uzito wa mzigo unakandamiza magurudumu yaleyale yanayosukuma, hivyo kadiri unavyobeba ndivyo tairi zinavyouma ardhi. Mitambo ya aina hii hubeba tani mbili na nusu hadi tatu na nusu, na iliyo ya kawaida huinua kati ya mita tatu na nusu na tano na nusu.

Telehandla ilipata umaarufu baadaye. JCB ya Uingereza ilianza kuuza Loadall mwaka 1977. Badala ya mlingoti unaosimama wima mbele, ina mkono unaolala ubavuni mwa dereva, unaoinuka na kuchomoza kama shingo ya kobe. Kwa nyingi za leo, magurudumu yote manne husukuma na yote manne hukata kona. Yanaweza hata kuelekea upande mmoja kwa pamoja, mtambo ukaenda kimshazari kama kaa ufukweni. Ipo ya kufika mita sita na ipo ya kufika mita 17 na zaidi. Mara nyingi jina lenyewe hukuambia: Loadall inayoitwa 540-170 ina maana ya tani nne na takriban mita 17.

Kwenye karatasi mashindano yameisha. Foklifti inafuta mara ya pili, ya tatu na ya nne, na kwa ghorofa ya kwanza inaweza kufuta ya tano na ya sita. Telehandla inafuta zote hizo hadi ghorofa ya nne, na mara nyingi inakaribia kuifuta hata ya saba. Lakini Embu haijajengwa juu ya karatasi.

Tuanze na kile ambacho muuzaji hukitaja haraka haraka. Chukua mtungi wa maji wa lita 20. Ukiukumbatia kifuani unatembea nao. Ukinyoosha mkono mbele, sekunde kumi hazipiti kabla bega halijatetemeka. Maji hayajaongezeka, kilichoongezeka ni umbali. Telehandla ya tani nne hubeba tani nne ikiwa imeukumbatia mzigo. Ukiunyoosha mkono wake wote mbele, mita 12 hivi kutoka kwenye magurudumu, kinachobaki ni takriban nusu tani. Kati ya ncha hizo mbili kuna jedwali lenye mistari iliyopinda, limebandikwa ndani ya kibanda cha dereva, na maisha ya watu yamo humo. Foklifti nayo ina jedwali lake, lakini ni fupi na lina ukweli ulio wazi: mzigo haukimbii mbele, unapanda tu. Opereta wa kawaida huielewa kwa siku chache. Telehandla huwalaghai hata wazoefu, kwa sababu mzigo ulioinuka bila shida unaweza kuupindua mtambo unapoanza kuuteremsha: mkono ukishuka ukiwa bado umenyooshwa, mzigo husogea mbali zaidi na gurudumu.

Viwango vya Ulaya vya EN 15000, vilivyotoka mwaka 2008, vinataka telehandla iwe na kifaa cha kupima hatari hiyo na kuukatiza mkono kabla mtambo haujabinuka mbele. Kwa mtambo uliotumika, cha kwanza kukiangalia kiwe hicho: kinafanya kazi, au kuna mtu aliyekikata waya kwa sababu kilikuwa "kinasumbua"? Tena kifaa hicho hulinda kubinuka mbele. Kupinduka ubavuni hakikujui.

Na Embu ina ubavu. Kaunti yote ni mteremko mmoja mrefu unaotoka Mlima Kenya hadi Tana. Juu, pande za Manyatta na Runyenjes, kuna migongo na mabonde, chai na kahawa, udongo mwekundu mzito unaoteleza mvua ikinyesha. Katikati upo mji, kwenye mwinuko wa mita kama 1,350, mito kama Rupingazi ikiwa imeuchimbia mabonde. Chini ni Mbeere, Siakago na Kiritiri hadi Ishiara, kukavu na kutambarare zaidi, viwanja vipana. Mtu akiniambia "nataka mtambo wa Embu" namuuliza Embu ipi.

Kwa maana mtambo uliosimama kwa magurudumu manne haujakaa kwenye mstatili kama meza. Ekseli moja hucheza ili tairi zote ziguse ardhi, kwa hiyo utulivu wake ni wa pembetatu. Inua tani moja mita kumi juu huku tairi za kulia ziko chini kidogo kuliko za kushoto, na uzito unatoka nje ya pembetatu hiyo taratibu, bila kelele, mpaka ghafla. Telehandla kubwa zina njia ya kujisawazisha ubavu, na nyingi zina miguu ya kuteremsha mbele. Hiyo ni faida kubwa kwetu kuliko urefu wa mkono, ila kusawazisha kufanyike kabla ya kuinua. Nimemwona opereta akijaribu kunyoosha mtambo huku paleti imeshafika juu. Tulipiga kelele wote, akashusha. Hakuna kilichoanguka, na bado siku hiyo naikumbuka kuliko siku za ajali.

Sasa twende pale penye utajiri wa jambo lenyewe, futi sita za kwanza kutoka ukutani. Msingi ukichimbwa, mtaro huwa mpana kuliko ukuta. Ukuta ukishapanda, pengo hujazwa udongo uleule, ukashindiliwa vizuri pale msimamizi anapokuwa macho, na kwa miguu tu pale asipokuwepo. Mvua moja ikipita, udongo huo hukaa chini na kuacha ufa mwembamba unaofuata ukuta. Kwa jicho ni ardhi. Kwa gurudumu ni shimo. Juu yake husimama jukwaa la mafundi, miti na mbao, likitokeza nje ya ukuta kama mita moja na zaidi.

Foklifti, ili iweke mzigo kwenye slabu ya kwanza, lazima mlingoti wake usogee karibu na ukuta. Uma zake zina urefu wa mita moja na robo hivi. Maana yake magurudumu ya mbele, yale yanayobeba mtambo na mzigo pamoja, lazima yasimame juu ya udongo ule wa kujaziwa, na jukwaa liondolewe kwanza. Telehandla husimama mita tatu au nne nyuma, kwenye ardhi ambayo haijawahi kuchimbwa, ikapitisha mkono juu ya jukwaa na kuweka paleti ndani ya jengo. Watu husema telehandla ni ya kupanda juu. Kwa majengo yetu naiona kwanza kuwa ni ya kukaa mbali, na hata jengo la ghorofa moja linaweza kuihitaji kwa sababu hiyo peke yake.

Ila ni nzito. Ile ya kufika mita 17 ina tani 11 au 12 kabla haijabeba kitu, na ploti nyingi za mji zilikuwa maboma ya watu jana tu. Kwenye kazi moja tuliyoifanya, gurudumu la nyuma lilizama hadi kwenye ekseli mahali palipokuwa na nyasi nzuri. Kumbe palikuwa na choo cha shimo kilichofukiwa miaka mingi iliyopita, na mwenye ploti hakufikiri ni jambo la kutaja. Tangu siku hiyo, kabla mtambo wowote haujaingia, ninamtafuta mzee wa jirani na kumwomba anionyeshe choo kilikuwa wapi, kisima kilikuwa wapi, na takataka zilitupwa wapi. Wazee wa Embu hukumbuka mambo hayo kwa usahihi ambao hakuna ramani inayoufikia.

Kisha kuna upana. Ploti ya futi hamsini kwa mia ni mita 15 kwa 30. Jengo likishachukua sehemu yake, kinachobaki mbele na kando hakitoshi telehandla kujigeuza, hata ikikata kona kwa magurudumu yote. Foklifti ni fupi, itajipenyeza, lakini ukishaipenyeza itafika wapi kama ghorofa inayojengwa ni ya tatu? Ploti nyingi za katikati ya mji kwa kweli hazifai mtambo wowote kati ya hii miwili isipokuwa usimame barabarani, na barabara ni ya umma: kuna kibali cha kuomba, na kuna akina mama wanaouza ndizi pale kila asubuhi ambao nao wanastahili kuambiwa mapema.

Vyuma vina shida ya peke yake. Chuma cha ujenzi huja kwa urefu wa mita 12. Ukikilaza juu ya uma za foklifti, una mtambo wenye mabawa ya mita sita kila upande, ncha zikicheza juu na chini, na lango la mita nne mbele yako. Telehandla ikifungwa ndoano badala ya uma hukinyanyua kutoka juu na kukipitisha kwa urefu, mtu mmoja akishika kamba ya kuongoza. Hapo sioni mashindano.

Lakini mitambo yote miwili ina uma, na uma zinataka paleti. Saruji yetu hupakiwa lorini mfuko kwa mfuko, mawe hurushwa moja moja, mbao hufungwa kwa mpira wa tairi kuukuu au hazifungwi kabisa. Ukileta mtambo wa mamilioni kwenye mjengo usio na paleti, umeleta kitanda mahali pasipo na godoro. Mtambo utasubiri watu wapange mawe juu ya kitu fulani, kisha utanyanyua, na mwisho wa mwezi utasema telehandla ni hasara. Paleti si kazi ngumu. Seremala anayepiga mbao za slabu anaweza kuzitengeneza kwa vipande vya saiprasi vilivyobaki, mita moja kwa mita moja na ishirini, na uwazi wa sentimita kumi ili uma zipite. Futi 40 za tisa kwa tisa juu yake, ukazifunga kwa mkanda, ni tani moja na kidogo.

Tufanye hesabu ya ghorofa moja, maana hapa ndipo nilipobadili mawazo yangu mwenyewe. Sema sakafu ni mita za mraba 200 na kuta za tisa kwa tisa ni mita za mraba 180. Zinahitaji karibu futi 2,500 za jiwe, yaani zaidi ya tani 65. Telehandla inayopanda na paleti ya tani moja kila dakika tano inapeleka tani 12 kwa saa. Mawe ya ghorofa nzima yatakuwa juu kabla ya saa kumi alasiri. Mafundi watachukua wiki mbili au tatu kuyajenga. Mtambo ufanye nini wiki hizo?

Tena usiyapeleke yote. Sakafu ya nyumba ya kuishi husanifiwa kwa mzigo wa matumizi wa karibu kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Tani 65 zikitandazwa sawasawa juu ya mita 200 ni zaidi ya kilo 320. Na paleti moja ya tani, kwenye eneo lake la mita za mraba 1.2, inakandamiza kwa zaidi ya kilo 800. Watu wa mkono walipokuwa wakipandisha mawe kidogo kidogo, walikuwa wakiilinda slabu bila kujua. Mtambo unaondoa ulinzi huo. Opereta, kwa haraka zake nzuri, anaweza kuweka paleti sita pembeni penye nafasi, juu ya zege la siku kumi, huku chini miti ya mkaratusi imeshaanza kutolewa ikatumike kwingine. Kwa hiyo mawe yapelekwe nusu nusu, yapangwe juu ya mihimili na karibu na nguzo, miti ya chini isiguswe, na mhandisi wa jengo aseme kwa maandishi paleti ziwekwe wapi. Sijawahi kuona jambo hili likiandikwa kwenye mkataba wa kukodi mtambo, na naona ni kosa kubwa.

Zege nalo ni vivyo hivyo. Slabu ya mita 200 yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 30, zaidi ya tani 70 za zege kwa siku moja. Telehandla yenye ndoo ya lita 600 ingepanda mara 50 na kumaliza katika saa nne. Lakini mikisa ya mfuko mmoja hutoa mita tatu za ujazo kwa saa ikienda vizuri, na mwendo wa kazi yote ni mwendo wake. Ukiwa na mikisa moja na hoisti, telehandla itakaa ikingurumisha injini na kula dizeli. Siku ya slabu leta mikisa tatu kwanza.

Hapa wengine hunikatiza: kwa nini nisitumie bekihoi iliyokuja kuchimba msingi? Ipo tayari, funga mnyororo kwenye meno ya ndoo, inyanyue. Naijua desturi hiyo na ninaichukia. Meno ya ndoo hayakutengenezwa kushika mnyororo, mnyororo huteleza kwenye jino, na mtu wa kuelekeza huwa amesimama palepale chini. Bekihoi ikiwekewa uma zake halali mbele inafaa kushusha paleti kwenye lori na kuzipanga uani. Kwa kazi ya chini hiyo ni mbadala wa haki wa foklifti, hasa kwa mwenye bekihoi yake. Vivyo hivyo lori lenye kreni yake mgongoni, ambalo hufuta mara ya pili, ya tatu na ya nne kwa pigo moja ikiwa muuzaji wa vifaa anakubali kulileta. Kwa nyumba ndogo ya mtu, vyumba vitatu na sebule, ningeanzia hapo na kuacha mitambo mikubwa ipumzike.

Matengenezo nayaeleza kwa ufupi. Foklifti ina minyororo ya mlingoti na silinda chache, zote nje, fundi anaziona kwa macho. Telehandla ina hosi zilizopita ndani ya mkono, pedi za kutelezea zinazolika, na vitambuzi vya umeme. Hosi ya ndani ikipasuka, mkono lazima ufunguliwe. Mtambo usio na jedwali la mzigo linalosomeka usikubaliwe hata bure.

Kuhusu watu, sheria ipo na haina utata. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mitambo ya kunyanyulia ikaguliwe kwa vipindi na mtu aliyeidhinishwa, na ripoti ihifadhiwe. Upande wa mjengo kanuni zimekuwepo tangu mwaka 1984. Opereta awe na leseni ya daraja la G kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na awe amefunzwa. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, hutahini mafundi wa mitambo, na Taasisi ya Barabara Kuu na Teknolojia ya Ujenzi, KIHBT, imekuwa ikiwafunza kwa miaka mingi. Leseni ya foklifti isichukuliwe kuwa inatosha telehandla. Aliyezoea mlingoti hujua juu na chini, hajui mbele. Na mtu asipandishwe juu ya paleti. Hata dakika moja, hata fundi wa umeme aliyesahau koleo juu. Telehandla inaweza kubeba kikapu cha watu kilichoundwa kwa kazi hiyo na kinachoungana na udhibiti wake. Foklifti ya mjengoni isimwinue kamwe binadamu aliyesimama juu ya uma.

Halafu wapo watu wa mkono wenyewe. Wengi wanaogopa mtambo, na nimewasikia wakisema unakuja kula ugali wao. Siwezi kuwaambia si kweli, kwa maana kazi ya kubeba itapungua. Ninachoweza kusema ni kile ninachokiona. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo anaobebeshwa mwanamume mzima usizidi kilo 55. Mfuko wetu wa saruji ni kilo 50, umekaa chini ya mpaka huo kwa kilo tano tu, na mtu anaubeba mara mia kwa siku. Uingereza mfuko wa kawaida leo ni kilo 25. Mtambo ukija, watu wale wale ndio wanaopanga paleti, wanaoongoza kwa ishara, wanaopokea juu, na kijana mmoja au wawili wakipelekwa kusomea daraja la G wanarudi na kazi ya kuwafikisha uzeeni wakiwa wamenyooka. Mwanakandarasi anayeweka fedha ya mafunzo hayo kwenye bajeti ya mtambo namheshimu. Asiyeiweka amehamisha tu faida kutoka mgongo mmoja hadi mfuko mwingine.

Nikiulizwa nichague, basi, nachagua kwa mahali. Mbeere, kwenye shule, zahanati na maghala ya ghorofa moja, viwanja vipana na lori likiingia hadi ndani, foklifti ya ardhi korofi inatosha, ikae pale muda wote wa kazi, na iliyo rahisi kutengeneza ndiyo bora. Yadi za wauza mawe, mbao na matofali nazo ni nyumbani kwake. Mjini Embu, kwa majengo ya ghorofa tatu kwenda juu yaliyo na pa kusimamia mtambo, ninachukua telehandla, lakini kwa siku, si kwa mwezi. Siku moja kwa nusu ya mawe ya ghorofa, siku nyingine kwa nusu ya pili, siku ya slabu, siku ya paa. Mtambo huu hutembea barabarani wenyewe ukiwa na usajili. Ukishafika mjini, zaidi ya kilomita 120 kutoka Nairobi na gharama ya lobedi, trela la kubebea mitambo, ikiwa imelipwa, wanakandarasi wanne wenye kazi zilizo karibu wanaweza kuupokezana wiki nzima bila kuupandisha lobedi tena. Tatizo ni kupatanisha ratiba, na hilo linatatuliwa kwa simu na chai. Kwa migongo ya Manyatta na Runyenjes wakati wa masika ya Machi hadi Mei sileti mtambo wowote. Nangoja ardhi ikauke, au ninaanza kwa kutengeneza njia ya kokoto.

Kwenye kazi tuliyo nayo sasa, hosteli ya ghorofa nne, seremala alitupigia paleti 40 kwa siku tatu. Lori likija, watu huyatoa mawe kutoka lorini na kuyapanga moja kwa moja juu ya paleti, zikafungwa mkanda, zikangoja siku ya telehandla chini ya turubai ili zisinyweshwe mvua. Siku ikifika, zinapanda hadi kwenye alama za chokaa ambazo mhandisi alizichora juu ya slabu, hatua mbili kutoka kwa fundi. Nimesimama tena langoni na kalamu: machimboni mara moja, kwenye paleti mara moja, kutoka kwenye paleti hadi kwa fundi mara moja, na ya fundi mwenyewe. Mara nane zimekuwa nne. Dereva mmoja wa lori amekubali kubeba paleti 12 tupu kurudi nazo Ndarugo, mawe yapangwe juu yake kulekule yanapopakiwa. Alhamisi anatarajiwa kurudi, na zikifika zikiwa zimesimama, zitabaki mara tatu.